Kukabwa na Jinamizi na Kujitambua Ndotoni: Mwongozo Kamili wa Kuikabili Hofu ya Usingizini

Kwa miaka minne nilifanya kazi ya ukarani katika mwalo mmoja wa wilaya ya Ilemela, hapa Mwanza. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu ndoo za dagaa zinaposhushwa kutoka mitumbwini na kuziandika katika daftari, kwa hiyo niliamka saa 8 usiku, nikarudi nyumbani saa 4 asubuhi, nikanywa chai na kujitupa kitandani chali hata kabla sijavua soksi. Ni katika usingizi huo wa mchana ndipo nilipokabwa kwa mara ya kwanza. Nilifumbua macho, nikakiona chandarua kimefungwa fundo juu ya kitanda, nikaisikia redio ya jirani ikisoma matangazo ya vifo, nikataka kugeuka, na mkono haukutii. Pazia la mlangoni likasogea ilhali hapakuwa na upepo. Mtu akaingia. Sikumwona uso, lakini nilijua kwa yakini kwamba amenifuata mimi. Akapanda kitandani upande wa miguuni, godoro likabonyea, na uzito wake ukapanda polepole hadi kifuani. Mke wangu alikuwa uani akifua, hatua kumi tu kutoka pale nilipolala. Nilimwita kwa nguvu zangu zote, na kilichotoka kinywani kilikuwa mkoromo.

Nilipompelekea bibi yangu habari hiyo huko Magu, aliipokea shikamoo yangu, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: "Mjukuu wangu, ulikuwa umelala chali?" Nikamjibu kwamba ndivyo. "Basi hilo ni jinamizi. Lala ubavu." Jirani yangu mmoja, kinyume chake, alinitajia mganga na bei yake. Nimesoma mengi juu ya jambo hili tangu siku ile, na sijapata bado ushauri wa maneno machache unaoushinda ule wa bibi, ingawa sababu alizonipa baadaye sizo nitakazozieleza hapa.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya watu wa aina mbili: anayekabwa usingizini na kuogopa kulala, na anayefukuzwa ndotoni na angependa siku moja asimame amtazame anayemfukuza. Nimewaweka pamoja kwa sababu shida zao zina mzizi mmoja.

Kinachotokea mwilini

Usingizi wa usiku mmoja hupita katika mizunguko ya takriban dakika 90, na katika kila mzunguko huja kipindi ambacho macho huchezacheza kwa kasi chini ya kope huku ubongo ukifanya kazi karibu sawa na ule wa mtu aliye macho. Kipindi hicho kilielezwa na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1953, na ndicho kinachobeba ndoto nyingi zenye visa virefu na picha kali. Hapa nitakiita usingizi wa ndoto. Huwa kifupi mwanzoni mwa usiku na hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia, ndiyo maana ndoto nyingi tunazozikumbuka ni zile za kabla ya jogoo wa pili.

Ili mtu anayeota kwamba anakimbia asikurupuke na kujigonga ukutani, shina la ubongo hutuma amri kwenye uti wa mgongo ya kuilegeza misuli ya mikono, miguu na kiwiliwili wakati wote wa usingizi wa ndoto. Misuli ya macho huachwa huru, na vilevile kiwambo cha kupumulia kilicho chini ya mapafu. Huu ni ulinzi unaofanya kazi kila usiku kwa kila mtu, nasi hatuuoni kwa sababu tumelala. Kukabwa hutokea pale ufahamu unapozinduka kabla amri hiyo haijaondolewa: macho yanaona chumba halisi, masikio yanasikia redio halisi, mwili ungali umefungwa, na ndoto yenyewe haijakatika, bali inaendelea kumwagika ndani ya chumba.

Kutokana na hapo, kila kitisho kina maelezo yake. Kifua kinahisi kubanwa kwa sababu misuli ya mbavu imelegea na upumuaji unaendeshwa wenyewe, kwa pumzi fupi. Ukijaribu kuvuta pumzi ndefu kwa makusudi, mwili hauitikii, nawe unadhani unanyongwa ilhali hewa inaingia na kutoka kama kawaida. Mgeni asiye na uso naye hutokana na sehemu za ubongo zinazolinda dhidi ya hatari, ambazo huwa zimechangamka sana katika usingizi wa ndoto. Ubongo unahisi hatari, unatafuta chanzo chake chumbani, na usipokipata unakitengeneza kwa pazia, kivuli au fundo la chandarua. J. Allan Cheyne wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, pamoja na wenzake, waliyagawa mauzauza haya katika makundi matatu: kuhisi kuna mtu chumbani, kubanwa kifua, na kuhisi unaelea, unazunguka au unatoka nje ya mwili wako. Mchoraji Henry Fuseli alichora mwaka 1781 mwanamke aliyelala chali huku kiumbe kimemkalia kifuani, na mtu yeyote wa Sengerema aliyewahi kukabwa angeitambua picha hiyo bila kuelezwa.

Nasi tunayo ya kwetu. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa, kiumbe anayesemekana kuwavamia watu usiku, ilipotanda Pemba, ikavuka hadi Unguja na pwani ya bara, watu walikesha nje kwa makundi wakiogopa kulala ndani, na baadhi ya waliosema wameshambuliwa walieleza kuamka wakiwa wamebanwa, hawawezi kusema wala kujitikisa. Sisemi kwamba kila kilichosimuliwa wakati ule kinaelezwa na misuli iliyolegea. Ninasema kwamba mtu akilala akiwa na hofu, tena usingizi wa kukatikakatika, anajiandalia mazingira ya kukabwa, na akikabwa anapata ushahidi wa hofu yake, na usiku unaofuata analala vibaya zaidi.

Hapo ndipo ulipo moyo wa jambo hili. Watafiti Baland Jalal na Devon Hinton waliwalinganisha watu wanaokabwa nchini Misri na nchini Denmark. Wamisri, ambao wengi huhusisha hali hiyo na majini, waliripoti hofu kubwa zaidi ya kufa na kukaa bila kutikisika kwa muda mrefu zaidi kuliko Wadenmark. Miili ilikuwa ya aina moja. Tofauti ilikuwa katika tafsiri ambayo kila mmoja alikwenda nayo kitandani.

Wala usidhani uko peke yako. Mapitio ya tafiti 35 yaliyochapishwa mwaka 2011 yalikadiria kwamba takriban asilimia 7.6 ya watu kwa jumla wamewahi kukabwa angalau mara moja maishani, na miongoni mwa wanafunzi ni asilimia 28.3. Wanafunzi, kama makarani wa mwaloni, hulala kwa saa wanazopata na si kwa saa wanazotaka.

Wanaopaswa kuanzia hospitalini

Kukabwa mara mojamoja, bila dalili nyingine, hakuhitaji dawa. Lakini zipo hali ambazo mwongozo wa kusoma nyumbani hautoshi, nami nakusihi usizipuuze. Ya kwanza ni kushindwa kabisa na usingizi mchana, hata ukiwa katikati ya mazungumzo, hasa kama magoti hukulegea ghafla unapocheka au kukasirika. Hiyo yaweza kuwa narkolepsi, ugonjwa wa ubongo wenye matibabu yake. (Usiuchanganye na malale, ambayo huletwa na vimelea vinavyoenezwa na mbung'o, ingawa nayo huvuruga usingizi na nayo inahitaji daktari.) Ya pili ni kukoroma sana huku wanaolala nawe wakisema pumzi yako hukatika. Ya tatu ni kupiga mateke na ngumi kweli kweli wakati wa kuota, kwa maana hapo ule ulinzi wa misuli haufanyi kazi. Ya nne ni kujing'ata ulimi au kujikojolea usingizini, jambo linaloweza kuashiria kifafa.

Zipo pia dawa zinazoleta ndoto kali, kama vile efavirenzi inayotumiwa kupunguza makali ya VVU na meflokwini ya malaria. Ukihisi dawa yako ndiyo chanzo, mweleze mhudumu wa kliniki yako, wala usiiache kwa uamuzi wako. Na mtu aliyewahi kusikia sauti au kuona vitu visivyokuwapo akiwa macho kabisa asijaribu mazoezi ya kujitambua ndotoni nitakayoyaeleza huko mbele, kwa sababu yanachezea mpaka uleule wa ndoto na uhalisia ambao kwake tayari ni dhaifu. Kwa mkazi wa Mwanza, njia ya kawaida ni kuanzia kituo cha afya kilicho karibu ili apewe rufaa. Hospitali ya Bugando ina idara ya magonjwa ya akili, na kuingia mlango huo si aibu.

Hatua ya kwanza: kuupanga usingizi

Mwaka 1992 Tomoka Takeuchi na wenzake huko Japani walionyesha kwamba kukabwa kunaweza kusababishwa kwa makusudi: walimwamsha mtu katikati ya usingizi, wakamweka macho kwa muda, kisha wakamruhusu alale tena, na baadhi waliingia moja kwa moja katika usingizi wa ndoto na kukabwa. Soma tena sentensi hiyo, kisha ufikirie maisha ya mwambao. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza na kupumzika mbalamwezi inapojaa, kwa kuwa mwanga wa mwezi huzishinda taa zao. Hivyo kijana wa kambini hulala mchana kwa majuma mawili matatu, kisha kwa siku chache anajaribu kulala usiku kama watu wengine. Mlinzi wa usiku, muuguzi wa zamu na dereva wa bodaboda anayesubiri abiria wa mabasi ya alfajiri wote wamo katika jaribio la Takeuchi bila kulipwa.

Kama unaweza kulala na kuamka kwa saa zilezile, fanya hivyo hata siku za mapumziko. Kama kazi haikuruhusu, walau jitahidi kipande kikubwa cha usingizi wako kiwe kimoja kisichokatika, na kama utalala mchana baada ya usiku mfupi, ujue kwamba hiyo ndiyo saa yako ya hatari, ulale ubavu. Kulala chali kunahusishwa na kukabwa kuliko mlalo mwingine wowote. Njia niliyoitumia mimi ni ya kushona mfuko mgongoni mwa fulana kuukuu na kutia ndani yake soksi mbili zilizoviringishwa kuwa donge. Ukigeuka chali usingizini, donge linakurudisha. Mke wangu alinicheka kwa juma zima, na katika juma hilo sikukabwa hata mara moja.

Kahawa, chai ya rangi iliyokolea na vile vinywaji vya kuongeza nguvu vya kwenye chupa uviache muda wa saa sita hivi kabla ya kulala. Pombe inadanganya: huleta usingizi haraka, lakini huuzuia usingizi wa ndoto katika nusu ya kwanza ya usiku, nao hujilipiza kwa nguvu karibu na alfajiri. Na kuhusu chandarua, nimewasikia watu wakishauriana wakiondoe kwa sababu "kinafanana na mtu". Katika Kanda ya Ziwa, ambako malaria ingali inaua, huo ni ushauri mbaya kuliko jinamizi lenyewe. Kichomeke vizuri chini ya godoro na usiache fundo linaloning'inia usoni pako.

Hatua ya pili: la kufanya wakati umekabwa

Hatua hii ndiyo yenye uzito kuliko zote, na haiwezi kujifunzwa ukiwa tayari umebanwa. Ifanyie mazoezi mchana ukiwa macho, dakika tano kila siku, kwa kulala chali, kuilegeza misuli na kupitia mlolongo wote kichwani mpaka ukae wenyewe kama njia ya kwenda nyumbani. Jalal amependekeza tiba yenye sehemu nne: kuipa hali ile maana mpya, kujitenga na hofu, kuelekeza fikra ndani kwenye jambo moja jema, na kuilegeza misuli bila kujaribu kujinasua. Ninayoyaeleza hapa yanafuata mpango huo, pamoja na niliyojifunza kwa kukabwa mwenyewe.

Kwanza, litaje. Jiambie kimoyomoyo, kwa maneno uliyoyaandaa kabla: "Hili ni jinamizi. Mwili wangu umefungwa kwa ajili ya ndoto. Litakwisha." Chagua maneno yako na usiyabadilishe kila usiku. Kwa kawaida tukio zima huchukua sekunde chache hadi dakika chache, hata kama wewe unahisi ni saa nzima.

Pili, usipigane. Najua ni vigumu. Mwili mzima unakuamuru ujitikise. Lakini kila unapoamuru mkono uinuke na usiinuke, ubongo unapokea ushahidi mpya kwamba umenaswa, na hofu inapanda ngazi nyingine. Mvuvi yeyote wa sangara atakueleza kwamba samaki anayejitupatupa ndiye anayekazwa na macho ya wavu. Legea kwa makusudi. Jifanye wewe ndiye uliyeamua kutotikisika.

Tatu, iache pumzi ijiendeshe. Usivute pumzi ndefu, kwa sababu hiyo ndiyo itakayokukatalia na kukutia kiwewe. Isikilize tu ikipita puani, fupi na nyepesi, na ukumbuke kwamba kiwambo hakijalegezwa.

Nne, yafumbe macho kama yako wazi, na usimkague mgeni. Kadiri unavyotafuta uso wake ndivyo ubongo unavyojitahidi kukuchorea uso. Badala yake elekeza fikra zote kwenye jambo moja jema lenye uzito moyoni mwako: sura ya mtoto wako, sala unayoijua tangu utotoni, au aya unayoisoma kila alfajiri. Watu wengi wa huku husema kwamba walipomtaja Mungu jinamizi liliwaachia, nami sioni sababu ya kubishana nao, kwa kuwa sala inayosemwa kwa utulivu hufanya kazi yote ya hatua hii. Tahadhari yangu ni moja: sala ya kukemea, inayopigwa kimoyomoyo kama ngumi, inamrudisha mtu kwenye mapambano.

Hofu ikishapungua, na si kabla, unaweza kujaribu kidole kimoja cha mguu au ncha ya ulimi. Kisipoitikia, kiache. Ukishaachiliwa, keti kitandani, weka miguu sakafuni, unywe maji na ukae macho kwa dakika kadhaa, kwa sababu anayerudi kulala papo hapo, tena chali, mara nyingi hukabwa tena.

Mara ya kwanza nilipofaulu, mgeni alikuja kama kawaida, godoro likabonyea, nami nikaanza kuhesabu ndoo kimoyomoyo kama nilivyozihesabu mwaloni: moja ya huyu, mbili za yule. Nilipofika 14 nilihisi miguu yangu imerudi. Wala sikuona alipoondokea.

Hatua ya tatu: daftari la ndoto

Weka daftari na kalamu kando ya mto. Ukiamka, kabla hujajigeuza wala kushika simu, kumbuka ulikuwa wapi na unafanya nini, kisha andika, hata kama ni sentensi moja. Baada ya majuma mawili utaona mambo yanayojirudia: nyumba ileile, mbwa yuleyule, maji. Yaandike mambo hayo pembeni, kwa kuwa utayahitaji katika hatua inayofuata.

Kwa ndoto mbaya inayojirudia ipo njia iliyofanyiwa utafiti wa kutosha, nayo inafanyika mchana. Andika ndoto yenyewe kwa ufupi. Kisha ibadilishe popote unapotaka, kwa namna yoyote unayotaka, uandike ndoto mpya; na kwa dakika 10 hadi 20 kila siku, ukiwa umeketi umefumba macho, iigize ile mpya akilini. Hairudiwi ile ya zamani. Barry Krakow na wenzake walichapisha mwaka 2001 matokeo ya njia hii kwa wanawake walionusurika ukatili wa kingono, na ndoto zao mbaya zilipungua.

Kwa watu wa mwambao, ndoto mbaya mara nyingi ni ya maji, na si kila ndoto ya maji ni mchezo wa ubongo tu. Wapo miongoni mwetu waliowapoteza ndugu katika MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, au katika MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018 karibu na kisiwa cha Ukara. Mtu ambaye ndoto yake ni kumbukumbu asiifanye hatua hii peke yake. Aifanye pamoja na mshauri nasaha au daktari.

Hatua ya nne: kujitambua ndotoni

Ndoto ya kujitambua ni ile ambayo mwotaji anajua, ndoto ikiwa inaendelea, kwamba anaota. Frederik van Eeden, daktari wa Uholanzi, aliiandikia makala mwaka 1913, lakini wanasayansi wengi waliitilia shaka hadi mwaka 1975, Keith Hearne alipoonyesha huko Hull, Uingereza, kwamba mwotaji anaweza kutuma ishara kwa kuyasogeza macho kushoto na kulia kwa mpangilio waliokubaliana, kwa kuwa macho hayafungwi. Stephen LaBerge wa Chuo Kikuu cha Stanford alithibitisha jambo hilohilo kwa kazi yake mwenyewe miaka michache baadaye.

Faida yake kwa anayeogopa ni dhahiri: anayefukuzwa na jambo analolijua kuwa ni ndoto yuko katika hali tofauti kabisa na anayefukuzwa tu. Njia ya kufika huko ni kujizoeza kuuliza swali mchana ili likufuate usiku. Mara kadhaa kwa siku, hasa unapokutana na moja ya yale mambo uliyoyaandika pembeni mwa daftari, simama ujiulize kwa dhati: je, naota? Kisha upime. Bana pua na ujaribu kuvuta hewa. Ndotoni mara nyingi hewa itapita. Au soma maandishi, utazame kando, uyasome tena. Ndotoni huwa hayatulii. Kipimo cha pili ndicho kilichonifaa mimi. Niliota niko mwaloni, naandika ndoo 32 za mtumbwi mmoja. Nikainua macho, nikayarudisha, zikawa 87. Nikatazama tena, na ukurasa ulikuwa umejaa majina ya watu wa ukoo wangu kwa mwandiko wa marehemu baba. Nikajua.

Pamoja na kipimo hicho, tumia nia. Ukiamka alfajiri kutoka ndotoni, kabla hujalala tena, rudia kwa utulivu: "Nikiota tena, nitakumbuka kwamba naota," huku ukijiona umerudi katika ndoto ileile na umeitambua. LaBerge ndiye aliyeifanya njia hii ijulikane. Wengine huongeza kuamka kwa makusudi baada ya saa tano za usingizi na kukaa macho kwa muda kabla ya kulala tena. Ni njia yenye nguvu, lakini ndiyo njia ileile ya Takeuchi ya kuleta jinamizi, kwa hiyo usiijaribu mpaka hatua ya pili iwe imekukaa, na usiijaribu kabisa katika siku ambayo asubuhi yake utaendesha pikipiki au kuingia majini.

Ukijitambua, furaha au hofu itataka kukuamsha papo hapo. Sugua viganja vyako vya ndotoni, tazama ardhi, gusa kitu kilicho karibu, na ndoto itatulia.

Hatua ya tano: kumgeukia anayekufukuza

Mwanasaikolojia wa Ujerumani Paul Tholey, aliyezichunguza sana ndoto hizi, alishauri kwamba kiumbe cha vitisho kisikimbiwe wala kisishambuliwe, bali kitazamwe na kuzungumzishwa. Simama. Geuka. Muulize: "Wewe ni nani? Unataka nini?" Wengi husimulia kwamba kiumbe hupungua, hubadilika sura au hujibu jambo la ajabu. Usitarajie hekima kila mara. Mimi niliyemuuliza alikuwa mtu mrefu aliyevaa koti la mvua la wavuvi, naye aliniambia kwamba anatafuta ndoo yake. Tulikwenda kuitafuta pamoja kwenye majabali, maji ya ziwa yakiwa yametulia kama sahani, na nilipoamka moyo wangu ulikuwa unadunda taratibu.

Hofu mbili huwashika wanaoanza. Ya kwanza ni ya kunaswa ndotoni: haiwezekani, kwa sababu usingizi wa ndoto hukatika wenyewe, na ukitaka kutoka mapema, pepesa macho kwa nguvu au mpe mwili wako halisi amri ya kuamka. Ya pili ni ya kuamka kwa uongo, yaani kuota kwamba umeamka, umeoga na umevaa, kumbe ungali kitandani. Inachosha, lakini haina madhara. Fanya kipimo cha pua kila unapoamka na utaikamata.

Wanaolala nawe

Jinamizi mara nyingi hukatika mtu anapoguswa au kuitwa jina, kwa hiyo waeleze watu wa nyumbani jambo hili mchana, kwa maneno ya kawaida, kabla hawajalishuhudia na kulipa tafsiri yao. Mtoto anayekabwa asiambiwe kwamba amerogwa na asichekwe. Aambiwe kwamba macho yake yaliamka mapema kuliko miguu. Maneno hayo nimeyatumia kwa binti yangu wa miaka tisa, naye aliuliza tu kama miguu huamka wote pamoja au mmoja mmoja.

Na mkubaliane juu ya ishara. Mimi na mke wangu tulikubaliana kwamba akisikia ule mkoromo, asipige kelele wala asinitikise mabega, bali anishike kidole gumba cha mguu wa kushoto na kusema, "Baba Neema, mitumbwi haijafika, endelea kulala."